Kifungu cha Tisa

Mimi nina hasira. Nalisema mapema ili mtu asije akashangaa huko mbele. Wengine wana sukari, wengine wana presha, mimi nina hasira, na kama wao nimejifunza kuishi nayo. Inapanda upesi, inashuka upesi, na ikishashuka sikumbuki hata nilichosema. Taabu ni kwamba waliosikia wanakumbuka.

Kwa miaka mingi haikumsumbua mtu, kwa sababu nilifanya kazi peke yangu. Duka langu la mikate liko Tuwan, hapa Kitale. Ni chumba kimoja kirefu: kaunta mbele, meza ya kukandia unga katikati, tanuri la matofali nyuma, na kando ya tanuri mlango wa kutokea uani. Tanuri hilo alilijenga marehemu mume wangu kwa mikono yake, muda mfupi kabla hajatuacha, mimi na binti yetu. Nikikasirika nilikuwa naukasirikia unga, na unga hauendi kulalamika popote. Tena mkate wa siku ya hasira ulikuwa laini kuliko wa siku ya amani. Wateja wanaula, wananiuliza, "Mama, leo umeweka nini?" Mimi nawahesabia chenji.

Ndipo shule moja ya bweni upande wa Saboti ikanitafuta. Mpishi wao alikuwa amekula mkate wangu harusini, akaenda akausifu. Walitaka mikate kila asubuhi, ifike kabla wanafunzi hawajakaa kwa chai. Haki, niliposikia hivyo nilikubali kabla hawajataja bei. Kazi ya namna hiyo ndiyo nilikuwa naiomba kanisani tangu niwe mjane. Lakini matroni wa ile shule ni mwanamke mkavu, na aliniambia bila kupepesa macho, "Siku watoto wangu watakunywa chai tupu, siku hiyo mimi na wewe tumeachana."

Mtu mmoja hawezi kukanda, kuchoma, kufunga na kuuza. Nilijaribu wiki nzima. Ilipofika Jumamosi bega la kulia lilikuwa limekataa kupanda, nachana nywele kwa mkono wa kushoto, nikienda kanisani nimefunga kitambaa watu wasione. Ikabidi niandike mfanyakazi. Mimi, ambaye sijawahi kuandika hata mtu wa kunifulia.

Jirani yangu, ukuta kwa ukuta, ni Hajji. Anauza unga, sukari na viungo, na msikiti uko nyuma ya duka lake. Ukimuuliza kabila atakujibu, "Mimi ni mtu wa Kitale," na mjadala umeisha. Nilipomwambia natafuta mtu wa kunisaidia aliacha kupima sukari.

"Mkataba umeandika?"

"Mkataba wa nini, Hajji? Hii ni kukanda mikate, si kununua shamba."

"Mama, mali bila daftari hupotea bila habari. Seuze mtu?"

"Kwetu mtu anaambiwa, kesho uje alfajiri. Akija, ameandikwa. Asipokuja, amejifuta."

Alicheka mpaka kofia ikasogea. Halafu akanisimulia habari za mfanyakazi wake wa kwanza kabisa. Walikubaliana kwa mdomo, wakaja kugombana kwa mdomo, mpaka wakafikishana kwa ofisi ya leba. "Nilikuwa na haki lakini sikuwa na karatasi," akasema. "Yule naye alikuwa na haki yake na hana karatasi. Tulikaa pale kama majuha wawili, afisa anatuangalia tu." Nikamwambia hayo ni yake, mimi sina ugomvi na mtu. Hajji akakohoa, akarudi kwenye sukari yake.

Ndiye aliyenipatia kijana. Alikuwa mtu wa Bungoma mjini, amejifunza kuoka katika hoteli ya huko, mrefu, mikono mikubwa yenye alama za trei za moto. Watu wa kwao ni Wabukusu kama sisi, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Kilichonikera ni kitu kimoja: ukimuuliza jambo, anafikiri kwanza ndipo anajibu. Mtu wa hasira akiona hivyo anajua amedharauliwa.

Siku ya kwanza nilimfuta kazi kabla ya chai ya saa nne. Alikuwa ameweka mikate ya moto dirishani, na vumbi la barabara linaingia. "Nenda! Rudi kwenu Bungoma, sitaki kukuona hapa!" Alivua aproni, akaikunja vizuri, akaenda kusimama kwa Hajji. Hasira ikashuka. Nikatoka nje nikamkuta amesimama tu, mikono nyuma.

"We kijana, unafanya nini huku na mikate iko ndani?"

Akafikiri. "Mama, si umenifuta?"

"Nani, mimi? Lini?"

Jumatano nikamfuta tena, na Ijumaa, wala sikumbuki makosa yalikuwa yapi. Jumamosi tukifunga duka akaniambia, "Mama, kazi nimeipenda, na mkate wako naupenda. Lakini nikilala sijui kama niko na kazi ama sina. Si tuandike tu?"

Tuliandikia kwa Hajji, juu ya gunia la mchele, Hajji amevaa miwani na kalamu ameishika kama kadhi. Kila kifungu nilikipigania. Hajji aliposema mfanyakazi ana siku ishirini na moja za likizo kwa mwaka, nilipiga kaunta. "Mimi mwenyewe sijapumzika tangu nizaliwe! Nani alinipa likizo?" Akaniambia ni sheria ya nchi. Basi, andika. Ugonjwa, andika. Makato ya serikali ya uzeeni na ya hospitali, andika. Yeyote anayetaka kumwacha mwenzake atoe notisi ya mwezi mmoja, andika. Kifungu cha chakula nilikileta mwenyewe: mwajiriwa atakula cha mchana pamoja na mwajiri, meza moja. Niliwaambia ni kwa sababu sitaki mtu atafune mikate ya kuuza. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka kula peke yangu.

Hajji alikuwa anataka kupiga mstari wa mwisho, kijana akainua mkono.

"Kuna kimoja kimebaki. Hajji, andika hivi: mwajiri akikasirika, maneno yake ya saa hiyo hayahesabiki. Akitaka kumfuta mwajiriwa, alale kwanza, aandike asubuhi, akiwa amekunywa chai."

"Ati nini?" Nilisimama. "Umesema nini? Hajji, umesikia huyu mtoto? Basi sikuandiki! Sikuandiki kabisa, chukua miguu yako uende!"

Hajji alikuwa anasoma dari. Kijana alikuwa anaangalia gunia. Wote wawili wanangoja. Nami nikahisi ile hasira inateremka, na kadiri inavyoteremka ndivyo ninavyojiona mjinga nimesimama pale na kidole hewani.

"Andika," nikasema. Hicho kikawa kifungu cha tisa. Nikatia sahihi, kijana akatia, Hajji akatia kama shahidi.

Na nakwambia, sijawahi kufanya kazi kwa raha namna ile. Alfajiri nikifika anakuwa ameshawasha tanuri. Mtu wa boda anapakia mikate ya Saboti ikiwa bado ina joto, na matroni akaanza kunisalimia kama binadamu. Mchana tunakula ugali na sukuma, siku nyingine na omena, ananisimulia vituko vya hotelini mpaka nacheka machozi. Bega likapona. Nilikuwa namfuta kazi mara kwa mara, nisiwe mwongo, lakini yeye anasema tu, "Kifungu cha tisa, Mama," anaendelea kukanda.

Binti yangu anafundisha chekechea Bungoma. Wikendi huwa anakuja Kitale kunisaidia kaunta. Nilifurahi nilipoona anakuja kila wikendi bila kukosa, nikajisifu kuwa nimelea mtoto anayemjali mama. Mimi, ninayejua mkate umeungua nikiwa bado barabarani, hilo jingine sikulinusa.

Siku moja kijana akachukua sahani yake akaenda kula uani. Nikadhani ni joto. Kesho yake vilevile. Kisha nikaona nikiingia kwa mlango wa mbele, yeye anatoka kwa mlango wa nyuma. Nikimpa trei haipokei mkononi, anangoja niiweke mezani niondoke. Macho yake yako chini muda wote. Nikajua tayari: amepata kazi kwingine, anaona haya kusema. Labda hoteli yake ya zamani imemwita. Nikawaza chai tupu za Saboti, na damu ikanipanda.

"Kama unataka kwenda, nenda! Nimekufuta! Usinizungukezunguke hapa kama mwizi wa kuku!"

Sauti ikatoka uani, polepole, "Mama, kifungu cha tisa."

Jumamosi binti yangu akaja. Hakuvua hata mkoba. Alikaa juu ya gunia la unga akaanza kuvuta uzi wa gunia.

"Mama, usikasirike."

"Nimeshakasirika. Endelea."

"Kuna watu wanataka kuja Malakisi, kwa kina baba. Kuzungumza na wazee."

"Watu wa kwa nani?"

Aliangalia mlango wa nyuma. Huko uani kijana alikuwa anapasua kuni, na kuni zenyewe zilikuwa zimepasuliwa tangu juzi.

Nilipiga kigelegele! Hajji alikuja mbio na ndoo ya maji akidhani tanuri limeshika paa. Nilimkumbatia binti yangu mpaka akajaa unga, nikacheza katikati ya duka, nikamwambia Hajji, "Tumepata mkwe! Tumepata mkwe!" Na kabla sijapiga kigelegele cha pili, nikalisikia lile neno.

Mkwe.

Kwetu, mtu na mama wa mke wake hawachezi karibu. Hawapeani mikono. Hawali pamoja. Hawakai chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja anaingia shambani mwingine apite. Si chuki, ni heshima, tena heshima nzito: mwanamke aliyekuzalia mke hutakiwi umwone akitafuna. Inaendelea hivyo mpaka siku ya kufungua mkono, wanapopeana zawadi mbele ya watu ndipo wasalimiane, na siku hiyo inaweza kuchelewa mpaka wajukuu watambae. Kumbe kijana hakuwa anatafuta kazi kwingine. Alikuwa ameshaanza kuniheshimu kabla mtu hajaniambia kwa nini. Na mimi nina chumba kimoja. Na mkataba unasema meza moja.

Jumatatu Hajji akaja amekunja uso, kofia ameinyoosha.

"Nimetumwa. Mwajiriwa wako anatoa notisi ya mwezi mmoja, kama tulivyoandika. Anasema anakupenda kama mzazi, lakini kukaa chumba kimoja na mama mkwe hawezi."

"Na Saboti je?"

Hajji akafungua mikono yake miwili, mitupu.

Nilikaa juu ya lile gunia muda mrefu. Nilimpenda yule kijana, nasema wazi. Nilimpenda kama mfanyakazi na nikampenda zaidi kama mkwe, na nilitaka vyote viwili. Kwani ni dhambi? Nikimlazimisha abaki tukae pamoja, Malakisi watasema binti yangu anaolewa na mtu asiye na heshima, na ndoa itavunjikia mlangoni. Akiondoka, nitarudi peke yangu na bega langu, Saboti itaniacha, na tanuri la mume wangu litakuwa jiko la kuchomea mahindi.

Mwezi ule wa notisi tuliishi kwa vituko. Nilishona magunia ya unga nikatengeneza pazia, nikalitundika katikati ya duka. Yeye upande wa tanuri, mimi upande wa kaunta. Mkate ukiiva anausukuma chini ya pazia, na mimi naona vidole tu. Kuzungumza tulizungumza, ila si sisi kwa sisi. Mimi naliuliza tanuri.

"Tanuri, mikate ya Saboti imeiva?"

"Tanuri linasema bado kidogo."

"Liambie lifanye haraka, boda amefika."

"Tanuri linasema boda angoje."

Kijana mmoja wa mtaani alikuja kununua skonsi akasimama mdomo wazi. "Niaje mathe? Unabonga na nani?"

"Na tanuri. Unataka ngapi?"

Kabla ya jioni Tuwan nzima ilikuwa na habari kwamba mama wa mikate ameanza kusikia sauti. Nikajaribu kutafuta mtu mwingine wa kushika nafasi. Mmoja aliogopa moto. Mwingine aliniambia kazi ya kuamka alfajiri haipatani na nyota yake. Nilimfuta huyo bila kulala wala kunywa chai, kwa sababu mkataba hakuwa nao.

Siku ya Malakisi ikafika na notisi imebakiza siku chache. Tulikutana kwenye boma la marehemu mume wangu, nyumba ya shemeji yangu mkubwa, kando ya banda la kukaushia tumbaku. Wageni kutoka Bungoma wamevaa makoti, kijana kati yao ametulia tuli, kwa sababu mwoaji siku kama hiyo hafungui mdomo. Mimi nilikuwa jikoni na wanawake, na kati ya jikoni na sebule ni ukuta wa mbao tu. Mlangoni alikaa wifi yangu mkubwa. Yeye ndiye shangazi wa binti yangu, na kwa mambo ya ndoa shangazi akisema hapana, wanaume wakaangalie ng'ombe.

Nilisikia kila kitu. Shemeji akauliza, "Huyu kijana wenu anashughulika na nini?"

Mzee wao akajibu, "Ameandikwa."

"Kuandikwa kwa mdomo ama kwa karatasi?"

Nikasikia karatasi inakunjuliwa. Sikuwa nimejua kama atakuja nayo. Shemeji akaanza kusoma kwa sauti, na mzee mmoja akamwambia, "Soma porepore, bana, tusikie." Alipofika kwenye likizo wote wakaguna, ati mtu analipwa akiwa amelala kwake! Alipofika kwenye mshahara aliacha kusoma, akampitishia mwenzake, na yule akapiga mluzi.

"Mtu ako na mshahara wa kuandikwa," shemeji akasema, "huyo ataongeza ng'ombe."

"Ataongeza," wazee wa kwetu wakaitikia. "Na dume moja juu."

Jamani. Mshahara huo unatoka wapi? Nilihesabu kichwani: kila ng'ombe anayetajwa pale anatoka kwenye tanuri langu. Nilikuwa najilipia mahari ya mwanangu mwenyewe! Nikapiga ule ukuta wa mbao kwa kiganja.

"Hao ng'ombe ni mikate yangu! Punguzeni!"

Tangu Malakisi iwe Malakisi haijasikika mama wa msichana akiomba mahari ishuke. Wifi aligeuka akaniangalia kama nimevua nguo. "Weh! Unatuaibisha mbele ya wageni?" Upande wa Bungoma nikasikia mtu anazuia kicheko kwa koti.

Lakini wifi si mtu wa kupitwa na jambo. Aliitisha ile karatasi, akaishika mbali na macho, akauliza, "Mwajiri mwenyewe ni nani? Hii sahihi ni ya nani?" Akaisoma. Akaniangalia tena. "Kwa hivyo huyu anafanya kazi kwako. Chumba kimoja. Na hapa imeandikwa meza moja."

Sebuleni furaha ikaisha. Mzee mmoja akasema hilo haliwezekani, mkwe hawezi kukaa chini ya macho ya mama mkwe, aache kazi leo. Mwingine akasema, akiacha kazi, mahari atatoa na nini? Basi aache msichana. Wakaanza kusema wote kwa pamoja, sauti zinapanda, na mmoja wa wageni akasema kama ni hivyo wao wanajua njia ya kurudi Bungoma. Binti yangu alikuwa amekaa karibu na jiko, ameshika mikono yake miwili katikati ya magoti. Hakulia. Aliniangalia tu, na yale macho ni ya baba yake.

Nilisimama na mwiko mkononi.

"Basi nimemfuta kazi!" nikapiga kelele. "Mmesikia? Leo hii! Hana kazi kwangu, hana mwajiri, hana meza! Mmefurahi? Sasa mwozesheni!"

Nilikuwa na hasira, kweli. Lakini safari hii nilijua ninachotupa. Niliiona shule ya Saboti ikiondoka, nikaliona na tanuri limepoa, na bado sikutaka kuyarudisha maneno.

Ndipo nikasikia sauti ninayoijua, ya chini, ya mtu aliyefikiri kwanza.

"Samahani wazee wangu. Kifungu cha tisa."

"Kinasemaje?" shemeji akauliza.

Wifi akamrudishia karatasi. Nikamsikia anatafuta kwa kidole, kisha akasoma, neno kwa neno, kama somo la kanisani. "Mwajiri akikasirika, maneno yake ya saa hiyo hayahesabiki. Akitaka kumfuta mwajiriwa, alale kwanza, aandike asubuhi, akiwa amekunywa chai."

Aliyecheka wa kwanza ni shemeji mwenyewe, ambaye ananijua tangu nilipoletwa pale nikiwa bibi harusi, na nimeshamfukuza kwenye boma lake mwenyewe zaidi ya mara moja. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha wageni, kisha wazee wote, mpaka kuku wakatoka chini ya viti. Wifi alikaa kizingitini akajipangusa macho kwa leso.

"Mnatafuta mkwe gani mwingine?" akasema alipopata pumzi. "Miaka yote hii ukoo mzima hatujapata dawa ya huyu mwanamke. Huyu ameipata, tena ameiweka kwa karatasi."

Akaamua hapo hapo. Kazi haiachwi. Pazia la magunia ni aibu, liondolewe, kiwekwe kiambaza cha mbao mpaka siku ya harusi, na mkono ufunguliwe siku hiyo hiyo ya harusi bila kungojea wajukuu. Mzee mmoja akanung'unika kwamba mila haibadilishwi mlangoni pa jikoni. Wifi akamuuliza yeye kinywa cha kusemea hivyo alilishwa wapi. Mzee akaomba chai. Ng'ombe nao wakapungua kidogo, ingawa hilo Malakisi hawataki lisemwe.

Kijana akaiondoa notisi yake. Hajji akatoa kalamu, akapiga mstari juu ya "meza moja," akaandika "meza mbili," tukatia sahihi upya, mimi upande huu wa mbao na mwajiriwa upande ule, karatasi inapita chini. Saboti hawakukosa mkate hata asubuhi moja.

Siku ya harusi walinifunika blanketi jipya mabegani, nami nikatoa kuku niliyemlea mwenyewe. Halafu kijana akanyoosha mkono mbele ya watu wote. Ule mkono nilikuwa nimeuona kila siku ukisukuma mikate chini ya mbao, najua kila alama ya moto iliyomo, na ilikuwa mara ya kwanza tangu awe mkwe wangu kuushika. Nililia. Nililia kwa sauti, na wala sikuwa na hasira na mtu.

Jumatatu iliyofuata alichelewa. Jua limeshachomoza, boda yuko nje anapiga honi, na mikate ya Saboti ndiyo kwanza inaingia kwenye tanuri. Alipotokea mlangoni nilimfuta kazi, mbele ya Hajji na mbele ya wateja, nikamwambia arudi kwao Bungoma na asithubutu kukanyaga hapa tena.

Alifunga aproni, akaniuliza, "Mama, umekunywa chai?"